Kodi ya Nyumba, Kodi ya Kichwa, Kodi ya Mshahara

Kila anayejifunza Kiswahili hapa Kampala hufundishwa mapema kwamba kodi ya nyumba ni fedha ambazo mpangaji humpa mwenye nyumba kila mwezi. Ukisema pale Bwaise au Kawempe kwamba hujalipa kodi ya nyumba, hakuna atakayedhani una deni la serikali. Watakuuliza mwenye nyumba amesemaje. Lakini mtu wa mwaka 1900 aliyekijua Kiswahili angeyasikia maneno hayohayo na kuwaza jambo jingine kabisa. Angemwaza mtu wa serikali amesimama uani, anahesabu mapaa.

Historia ya kodi mara nyingi hufundishwa kama orodha ya viwango: mwaka huu rupia tatu, mwaka ule asilimia thelathini. Viwango vina umuhimu wake, nasi tutavifikia. Hata hivyo lipo swali linalovitangulia: serikali inapotaka fedha kutoka kwa familia, huhesabu nini? Hapa Uganda, katika muda wa zaidi ya miaka mia moja, jibu limekuwa nyumba, kisha kichwa, kisha mshahara. Kila mara kitu kinachohesabiwa kilipobadilika, mzigo ulihama bega. Na kama utakavyoona, mzigo unaweza kuongezeka bila kitu chochote kubadilishwa katika sheria.

Kwanza, neno lenyewe. Kodi imo katika ngeli ya I–ZI, kwa hiyo umbo lake halibadiliki katika wingi: kodi hii, kodi hizi. Wanafunzi hulipenda neno la namna hiyo kwa sababu halina la kukariri. Raia ana sababu ya kulitazama kwa makini zaidi, maana kodi moja na kodi kumi huandikwa sawa. Ndugu yake neno hilo, ushuru, limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni sehemu moja ya kumi. Baganda wao husema omusolo. Neno hilo halikuletwa na Waingereza: Kabaka alikuwa na watoza wake tangu zamani, na watu walitoa nguo za magome, mbuzi, majembe na simbi. Kilichokuja mwaka 1900 ni hesabu ya aina mpya.

Tarehe 10 Machi 1900, Mengo, mwendo mfupi kutoka soko la Owino la leo, Sir Harry Johnston alitia saini mkataba kwa niaba ya serikali ya Uingereza. Upande wa pili walikuwapo watawala washirika watatu, Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri, kwa kuwa Kabaka Daudi Chwa alikuwa bado mtoto mdogo. Watu wengi huukumbuka mkataba huo kwa ajili ya ardhi, zile maili za mraba zilizogawiwa machifu na kuzaa mfumo wa mailo. Lakini mkataba ulikuwa pia sheria ya kodi. Kila nyumba au kibanda kilichotumika kwa makazi kilitozwa rupia tatu kwa mwaka, na kila mwenye bunduki alitakiwa kulipa rupia tatu nyingine. Machifu wa saza, waliopewa jukumu la kusimamia makusanyo, waliahidiwa mshahara wa pauni 200 kwa mwaka. Hivyo mtu aliyekuwa akipokea sehemu yake ya mavuno na mifugo kutoka kwa watu wake akageuka kuwa mtumishi anayelipwa ili awatoze.

Mkataba ulikuwa na kifungu kimoja ambacho napenda ukitafakari. Ulisema kwamba boma moja lenye vibanda visivyozidi vinne, ambamo anakaa mwanamume na mkewe au wake zake peke yao, litahesabiwa kuwa nyumba moja. Waandishi wa mkataba, basi, walijua kwamba nyumba za Buganda hazikufanana na nyumba za London. Mwanamume mmoja angeweza kuwa na vibanda kadhaa: cha mke huyu, cha mke yule, cha jikoni. Walilazimika kuamua familia ni nini kabla ya kuamua italipa nini. Na uamuzi huo uliacha nje watu wengi. Mama mjane aliyejengewa kibanda chake kwenye kiwanja cha mwanawe alikuwa nyumba. Vivyo hivyo kijana aliyetoka kwa baba yake na kujijengea chake.

Matokeo yake yangeweza kutabiriwa na mtu yeyote aliyewahi kupanga chumba. Watu walijibana. Waliokuwa wakikaa katika vibanda vitatu wakahamia kimoja, vijana wakaahirisha kujenga, wazee wakarudishwa chini ya paa za watoto wao. Serikali iliona idadi ya nyumba ikipungua ilhali watu hawajapungua. Msomaji, usiwacheke wazee wale wala usiwaite wakwepaji. Ukihesabu mapaa, utapata mapaa machache. Walikuwa wakiisoma sheria vizuri kuliko walioiandika.

Tatizo jingine lilikuwa rupia yenyewe. Mtu wa kawaida alikuwa na ndizi, mbuzi na nguvu zake. Rupia hakuwa nayo. Mwanzoni vitu vilipokewa badala ya fedha, simbi zikiwamo, na asiye na kitu aliweza kufanya kazi ya serikali badala ya kulipa. Lakini simbi zilikataliwa upesi, na serikali ikataka sarafu. Sarafu ingetoka wapi? Mwaka 1903 Kenneth Borup wa Kampuni ya Uganda aliagiza mbegu za pamba, zikagawiwa wakulima kupitia kwa machifu, na kwa muda mfupi pamba ikawa njia ya kupata rupia za serikali. Wale ambao ardhi yao ilikuwa mbali na reli na vinu vya pamba walitembea. Watu wa West Nile na Kigezi, pamoja na wengi kutoka Ruanda-Urundi, walikuja Buganda kulima mashamba ya wengine, na baadaye wakaingia katika mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira, mara nyingi kwa lengo la kwanza kabisa la kupata fedha za kodi. Ukisikia lugha sita katika kituo kimoja cha teksi mjini Kampala, kodi ni miongoni mwa sababu.

Kodi ya kichwa ikafuata katika muongo huohuo, ili kuwanasa wanaume wazima waliojificha chini ya mapaa ya watu. Hapa pana jambo la uraia ambalo vitabu huliruka. Mkataba wa 1900 uliahidi kwamba Baganda hawatatozwa kodi nyingine ya ndani bila ridhaa ya Kabaka, naye angeongozwa na kura za walio wengi katika Lukiiko. Kwa hiyo kodi ya kichwa haikuweza kushushwa tu kama mvua. Ilibidi ijadiliwe Mengo. Najua vizuri kwamba watu waliokaa katika Lukiiko walikuwa machifu, na kwamba machifu walinufaika. Hata hivyo kanuni ilikuwa imeandikwa: kodi mpya inahitaji kura. Leo kanuni hiyo imo katika ibara ya 152 ya Katiba ya Uganda, isemayo kwamba hakuna kodi itakayotozwa ila kwa mamlaka ya Sheria ya Bunge.

Usidhani kwamba rupia hizo ndizo zilizokuwa mzigo wote. Mkulima aliyekaa juu ya mailo ya mtu mwingine alimlipa pia mwenye ardhi busuulu, na sehemu ya mazao iliyoitwa envujjo; madai ya wenye ardhi yalipozidi, ilibidi sheria itungwe mwishoni mwa miaka ya 1920 ili kuyawekea mpaka. Kulikuwa na luwalo, kazi ya bure ya kila mwaka kwa ajili ya barabara na majengo ya umma. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920 kulikuwa pia na kasanvu, kazi ya kulazimishwa kwa serikali. Mtu akikuuliza kodi ya wakati huo ilikuwa asilimia ngapi ya kipato, hesabu yake haiwezi kusimama, kwa maana sehemu ya malipo ilikuwa siku za uhai wa mtu.

Kodi ya mapato, kwa maana tunayoijua sisi, ilifika Uganda mwaka 1940, miaka mitatu baada ya Kenya. Waliotozwa mwanzoni walikuwa zaidi Wazungu na Waasia. Waafrika waliingizwa baadaye. Mwaka 1952 ikaja sheria ya pamoja ya kodi ya mapato kwa Afrika Mashariki, nayo ilikuwa na jambo linaloshangaza ukiilinganisha na sheria ya leo: ilimtambua mke na watoto. Mlipaji aliyeoa alipunguziwa, na aliye na watoto alipunguziwa zaidi, kwa desturi ya Uingereza. Ukiziweka kodi mbili hizo kando kwa kando, utaona nchi mbili ndani ya nchi moja. Bwana aliyekaa Kololo alikuwa na familia mbele ya sheria. Mkulima wa Bulemeezi alikuwa kichwa.

Mwaka 1953, kufuatia mapendekezo ya kamati iliyoongozwa na C. A. G. Wallis, ikaanzishwa kodi ya watu kwa madaraja, ili kuzipatia serikali za wilaya fedha zao wenyewe. Wazo lenyewe lilikuwa la haki kuliko kodi ya kichwa: badala ya wote kulipa sawa, kila mtu angekadiriwa kwa mali yake. Ng'ombe wangapi? Mibuni mingapi? Paa la bati au la nyasi? Tatizo lilikuwa mkadiriaji. Mshahara una karatasi, lakini kipato cha mkulima kiliamuliwa na chifu na watu wake, nao walikuwa binadamu wenye ndugu na mahasimu. Mwezi Januari 1960 ghasia zilizuka Bukedi na kuenea mpaka Bugisu, watu wakiwageukia machifu kwa sababu ya makadirio hayo, na serikali ikaunda tume ya kuchunguza. Miaka miwili baadaye nchi ikapata uhuru, na kodi ile ikabaki palepale.

Ilibaki kwa nusu karne. Waulize wazazi wako, msomaji, au babu yako kama yu hai. Watakusimulia vizuri kuliko mimi. Kila mwanamume wa miaka kumi na minane na kuendelea alitakiwa kuwa na tiketi ya kodi, ilhali mwanamke alidaiwa endapo alikuwa na ajira au kipato chake. Tiketi ilitembea mfukoni kama kitambulisho. Watoza walizuia njia siku za soko, waligonga milango kabla ya jua kuchomoza, na waliokosa tiketi walifungwa kamba na kupelekwa makao makuu ya gombolola. Vijana walilala porini au kwenye mapapirasi. Na ingawa sheria ilimtaja mwanamume, nyumba nzima ililipa: kuku wa mama ndio waliouzwa baba aliposhikwa, na karo ya shule ndiyo iliyosubiri.

Nitaipita haraka miaka ya Amin na vita vilivyofuata. Serikali iliishi zaidi kwa kukata sehemu ya bei ya kahawa ya mkulima, na shilingi ilipoteza thamani kiasi kwamba viwango vya kodi havikuwa na maana. Tukio moja tu lisisahaulike. Mwezi Mei 1987 sarafu ilibadilishwa, shilingi mia za zamani zikawa moja mpya, na katika kubadilisha huko serikali ikakata 30%. Aliyekuwa ameweka akiba yake chini ya godoro alitozwa kodi akiwa kitandani.

Turudi kwenye kodi ya madaraja, maana kifo chake ni somo la siasa. Katika kampeni za urais za 2001 kodi hiyo ilikuwa hoja kubwa: mpinzani, Dakta Kizza Besigye, aliahidi kuifuta, na Rais Museveni akaahidi kushusha kiwango cha chini hadi shilingi 3,000. Mwaka 2005, miezi michache kabla ya uchaguzi wa Februari 2006, bajeti ikaisimamisha kabisa. (Mwaka huohuo marekebisho ya Katiba yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Sijui kama kuna aliyesherehekea yote mawili.) Jirani zetu walikuwa wametangulia: Kenya iliifuta kodi yake ya namna hiyo miaka ya 1970, na Tanzania ilifuta kodi ya maendeleo mwaka 2003.

Furaha ya 2005 ilikuwa ya kweli, nami siwezi kuipuuza. Lakini wilaya zilipoteza sehemu kubwa zaidi ya mapato yao wenyewe, zikabaki zikisubiri ruzuku kutoka serikali kuu, na ruzuku huja na masharti yake. Mwanakijiji aliyemchukia mtoza kodi alikuwa na haki ya kumuuliza chifu: fedha zangu zimejenga nini? Kodi ilipoondoka, swali hilo lilipoteza nguvu. Baadhi ya wanazuoni wanaona kwamba hasara hiyo ilikuwa kubwa kuliko nafuu. Mimi naona wanaosema hivyo hawakuwahi kufungwa kamba. Hata hivyo, swali lenyewe wanalouliza si la kupuuzwa.

Sasa tuingie katika nyumba ya leo. Kampala ya sasa haina mtu wa kuhesabu mapaa. Kodi ya mapato humfikia mwajiriwa kimyakimya kabla hajauona mshahara wake: mwajiri hukata PAYE na kuipeleka kwa Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, iliyoundwa mwaka 1991. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 1997 iliweka ngazi zifuatazo kwa mwezi: shilingi 130,000 za kwanza hazitozwi, kinachozidi hapo hadi 235,000 hutozwa 10%, kinachozidi hadi 410,000 hutozwa 20%, na kila shilingi iliyo juu ya 410,000 hutozwa 30%. Ngazi hizo zilikaa miaka kumi na mitano bila kuguswa. Kuanzia Julai 2012 kiasi kisichotozwa kikapandishwa hadi 235,000, ngazi za kati zikapangwa upya, na wenye zaidi ya milioni kumi kwa mwezi wakaongezewa 10% juu ya kiasi kilichozidi hapo.

Tufanye hesabu pamoja, chukua kalamu. Mfanyakazi wa 500,000 alikuwa akikatwa 72,500 kabla ya mabadiliko. Baada ya Julai 2012 alikatwa 52,000. Nafuu ya 20,500 kwa mwezi katika nyumba ya Kampala ni mkaa na sabuni. Kwa mfanyakazi wa 235,000, makato ya 10,500 yalifutika kabisa. Kwa hiyo tusiseme kwamba serikali haikufanya lolote.

Lakini tazama mstari ambao haukusogea. Ngazi ya 30% ilianzia 410,000 mwaka 1997, na marekebisho ya 2012 yaliiacha palepale. Mwaka 1997 fedha hizo zilikuwa takriban dola 380 za Marekani. Mwaka 2024 zilikuwa takriban dola 110. Mwaka 1997 aliyevuka mstari huo alikuwa mtu mwenye nafasi: meneja, mhandisi, ofisa wa benki. Leo mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, ambaye mshahara wake unakaribia 500,000, ameuvuka. Hakuna mbunge aliyesimama na kusema: natoa hoja mwalimu wa msingi atozwe kama meneja. Hakuna kura iliyopigwa. Bei zilipanda, mishahara ikazifuata kwa kuchechemea, na mstari ukabaki umesimama mahali pake kama jiwe la mpaka, huku watu wakisukumwa kuupita.

Mfano mwingine utakuonyesha jinsi jambo hili linavyofanya kazi ndani ya nyumba moja. Tuseme mama mmoja wa Ntinda alikuwa akipata 400,000 mwishoni mwa 2012. PAYE yake ilikuwa 23,000, yaani chini kidogo ya 6% ya mshahara. Tuseme pia kwamba baada ya miaka kadhaa bei za vitu zimepanda kwa robo tatu, na mwajiri mwema amempandisha mshahara kwa kadiri ileile, hadi 700,000. Unga, nauli na karo anazoweza kununua kwa mshahara ghafi ni zilezile za zamani. Hajatajirika hata kidogo. Lakini PAYE yake sasa ni 112,000, yaani 16%. Sheria haijabadilika hata herufi moja, na mzigo wake umekaribia kuwa mara tatu.

Linganisha na majirani. Mwaka 2020 Kenya ilisogeza kiasi kisichotozwa hadi shilingi zake 24,000 kwa mwezi, na Tanzania ikasogeza chake kutoka 170,000 hadi 270,000. Kwa thamani ya fedha za 2024, kiasi cha Kenya kilikuwa takriban shilingi 680,000 za Uganda, na cha Tanzania takriban 380,000. Chetu kilikuwa 235,000. Mtu angeweza kukimbilia kusema kwamba Mkenya ana nafuu kubwa. Asubiri. Kwenye hati ya mshahara ya Mkenya kuna pia tozo ya nyumba ya 1.5% na, tangu Oktoba 2024, mchango wa bima ya afya wa 2.75%, na zote mbili huanza kwenye shilingi ya kwanza. Kodi moja na kodi kumi, nilikwambia, huandikwa sawa. Ukilinganisha nchi kwa kiwango kimoja tu, utakuwa umehesabu paa moja katika boma la vibanda vinne.

Marekani ulinganisho wa namna hii hufanyika hata ndani ya nchi, kwa sababu kila jimbo hujiamulia. Mganda aliyehamia Waltham, katika jimbo la Massachusetts, hulipa kodi ya serikali kuu na juu yake 5% ya jimbo. Nduguye aliye Dallas, Texas, hailipi kabisa kodi ya mapato ya jimbo, ingawa kodi za majumba na za manunuzi humsubiri mlangoni. Na Novemba 2022 wapiga kura wa Massachusetts wenyewe, kwa kura ya wananchi, waliamua kuongeza 4% kwa mapato yanayozidi dola milioni moja kwa mwaka.

Hapa kwetu, kura kubwa zaidi kuhusu kodi ya mapato katika miaka ya karibuni ilielekea upande mwingine. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha marekebisho ya kuziondoa posho za wabunge katika kodi. Rais alikataa kwanza kutia saini, Bunge likashikilia. Mishahara yao hutozwa, lakini posho, ambazo ni sehemu kubwa ya wanachopokea, hazitozwi. Miaka miwili baadaye, Julai 2018, Bunge hilohilo likaidhinisha tozo ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, pamoja na 1% kwa miamala ya fedha za simu. Vijana waliandamana katikati ya Kampala. Tozo ya simu ilipunguzwa hadi 0.5% na kubakizwa kwa kutoa fedha tu. Ile ya mitandao iliondolewa mwaka 2021, na mahali pake ikaja 12% kwenye bando za intaneti. Mchuuzi wa Kalerwe asiye na hati ya mshahara hamjui PAYE, lakini kila anapotoa fedha kwa wakala, anaponunua bando au kujaza mafuta kwenye boda, amelipa. Anayesema kwamba Waganda wengi hawalipi kodi kwa sababu hawamo kwenye orodha ya PAYE hajawahi kusoma risiti ya duka yenye VAT ya 18%.

Nalo swali la familia? Sheria ya leo imelifunga. PAYE humtazama mfanyakazi peke yake. Msichana wa miaka ishirini na mbili anayekaa kwa wazazi wake na mjane anayelea watoto watano na wapwa wawili, wakilipwa 1,000,000 kila mmoja, wote hukatwa 202,000. Mkataba wa 1900 ulikuwa mkali, na ulikuwa wa kikoloni, lakini ulijisumbua angalau kuuliza nani anakaa na nani ndani ya boma.

Kuna mtoza mwingine ambaye wanafunzi wangu humsahau. Tangu Julai 2008 serikali za mitaa zimeruhusiwa kutoza kodi ya huduma za mitaa, iliyokuja kuziba sehemu ya pengo lililoachwa na kodi ya madaraja. Kampala hukusanywa na KCCA, kwa kawaida kwa makato ya miezi minne ya kwanza ya mwaka wa fedha, kuanzia Julai. Kiasi chake si kikubwa: kati ya shilingi 5,000 na 100,000 kwa mwaka mzima. Lakini jedwali la 2008 linaanzia kwenye kipato kinachozidi 100,000 kwa mwezi. Chukua mlinzi wa usiku wa duka pale Kikuubo, anayelipwa 220,000. Sheria ya kodi ya mapato inamwona kuwa maskini mno, haimgusi. Jedwali la mitaa linamwona kuwa na uwezo, linamdai 10,000. Zote mbili ni sheria za Bunge moja.